Ganzi ya Maji

Sehemu ya Kumi na Moja

Juma lililopita tulimwacha Daktari ameinama juu ya mdomo wa mzee wa kanisa, taa kichwani, kioo kidogo kikiwa ndani ya shavu la mgonjwa, na moyo umemsimama.

Aliyakodolea macho magego ya chini. Hapana, hakukosea. Gego la pili kutoka mwisho lilikuwa limezibwa kwa madini, kazi ya zamani, na ubavuni mwake, upande wa shavu, palichorwa herufi moja kwa ncha ya chombo.

Ilikuwa herufi ya kwanza ya jina lake yeye mwenyewe.

"Kuna nini, Daktari?" aliuliza mkalimani, binti wa huyo mzee, aliyesimama pembeni ameshika trei. "Limeoza sana?"

"Limeoza," Daktari alijibu. "Lina miaka mingi limeoza."

Miaka ishirini na minne nyuma, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, Daktari alimziba jino mgonjwa wake wa kwanza. Mgonjwa huyo alikuwa mchumba wake. Akamchorea herufi ile kwa utani, wakacheka mpaka mwalimu akawatoa nje. Miaka miwili baadaye, zikiwa zimebaki wiki tatu wafunge ndoa, mchumba alitoroka na mdogo wa kike wa Daktari, wakavuka mpaka. Haukupita mwaka ikaja barua yenye mistari minne: mdogo wako amefariki kwa homa, amezikwa huku huku, poleni. Mama yao aliisoma amesimama. Alipokaa hakuinuka tena. Miezi mitatu, naye akazikwa.

Barua ile ilikuwa na muhuri wa nchi hii. Ndiyo maana kanisa lilipotafuta watu wa kujitolea, Daktari alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wenzake kumi na mmoja walikuja kutibu, kupaka rangi shule na kuimba. Yeye alikuja kutafuta kaburi.

Siku sita amezunguka makaburini jioni kwa jioni, hakuambulia kitu. Na mzee wa kanisa la wenyeji, waliambiwa, haonekani kwa sababu anamuuguza mke wake.

Mke! Daktari alimtazama mkalimani. Binti alikuwa na miaka ishirini na mmoja, alishajitaja mwenyewe. Daktari akapiga hesabu, nayo ikamchoma rohoni. Yaani udongo wa kaburi la mdogo wangu haujakauka, huyu bwana keshaoa mwingine na keshazaa!

"Tuko hewani, ndugu zangu!" sauti ilipasua ukumbi.

Huyo alikuwa mchungaji kiongozi wa msafara. Wenzake walimwita Kamera, kwa kuwa hali wala hasali mpaka kwanza ajipige picha. Alikuwa amesimama juu ya benchi, simu mkononi, fulana ya buluu yenye neno TUMETUMWA imembana tumboni.

"Tangu juzi wenyeji wetu wameogopa," aliiambia simu. "Mama mmoja alipiga kelele hapa, wote wakaingia mitini. Leo mzee wao mwenyewe amejitolea kung'olewa mbele yao, waone kwamba hakuna maumivu! Mzee, hutapiga kelele, au siyo?"

Mzee wa kanisa alitikisa kichwa. Nje, madirisha manne ya ukumbi yalikuwa yamejaa nyuso.

Daktari alikuwa amevaa barakoa, kofia na miwani. Ndevu za mzee zilikuwa nyeupe, mwili umeongezeka mara mbili. Yeye alimtambua kwa jino. Mzee hakuwa na cha kumtambulia.

"Binti," Daktari alimwambia mkalimani, "pamba imekwisha. Nenda stoo ukaniletee."

"Nimeiona kwenye kisanduku cha..."

"Nenda stoo."

Binti akaenda.

Juu ya meza palikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa ya dawa ya ganzi. Ya pili ilikuwa ya maji safi, yale ya kuchanganyia dawa za unga. Mkono wa Daktari ulikwenda kwenye ya kwanza, kwa mazoea. Ukasita hapo. Kisha ukahama.

Akavuta maji kwenye sindano, akagonga kwa ukucha kutoa mapovu, akachoma fizi. Mara moja. Mara mbili.

"Tunasubiri kidogo dawa ikolee," alisema kwa sauti ya kazi, na Kamera akalikariri neno hilo kwa wafuasi wake kana kwamba ni aya.

Wakati wanasubiri, Daktari akainamisha mdomo wake mpaka karibu na sikio la mgonjwa. Akasema kwa lugha ya nyumbani, lugha ambayo wenyeji wa dirishani hawakuielewa:

"Ulimzika wapi mdogo wangu?"

Mwili wa mzee ukakakamaa wote kwa pamoja. Macho yakageuka, yakayatafuta macho nyuma ya miwani, yakayapata. Mikono ikashika kiti, akajiinua nusu.

"Mzee!" Kamera alicheka. "Usituangushe, watu wako wanakutazama!"

Mzee alitupa jicho dirishani. Dirisha la tatu. Alilitazama kitambo, kisha, jambo la ajabu, akajirudisha kitini taratibu, akalaza kichwa, akaachama.

Daktari hakulielewa tendo hilo. Alidhani ni kiburi. Mwanamume mzima anaona haya mbele ya waumini wake, na ajikaze basi kisabuni, tutaona!

Koleo likashika.

Msomaji, jino linapoachana na mfupa lina sauti yake. Mwenye ganzi huisikia tu, kama mtu anayevunja kuni chumba cha pili. Huyu hakuwa na ganzi. Daktari alizungusha koleo kulia, akazungusha kushoto, bila haraka, mkono wake wa miaka ishirini na minne ukijua hasa pa kukandamiza.

Machozi yakamtoka mzee, yakateremkia masikioni. Miguu ikanyooka ikatetemeka. Sauti haikutoka.

"Ulimzika wapi?"

Kimya.

"Hata jiwe hukumwekea?"

Jino likakatika, taji likabaki kwenye koleo na mizizi ikabaki chini. Bahati mbaya hutokea, na daktari mwema husimama hapo akaongeza dawa. Daktari wetu alichukua chombo chembamba akaingia kufuata mzizi wa kwanza.

Kidogo kidogo dirishani watu walianza kuimba, wimbo wa polepole wa kumpa mzee wao moyo. Na yule mzee, ndugu zangu, akanyanyua mkono mmoja kutoka kwenye kiti akawapungia! Aliwapungia huku taya linachimbwa likiwa hai.

Mzizi wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka. Daktari akabana pamba, akamwambia aume. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo mzima. Alitegemea kujisikia amepona. Alijisikia njaa, kama mtu aliyeota anakula.

"Mmeona?" Kamera aliruka kutoka kwenye benchi. "Hata hakutikisika! Haleluya! Haiumi!"

Makofi yakalipuka. Watu walikuwa tayari wanagombania kadi za foleni. Kamera akatoka nje mbio na simu yake awahi furaha yao, na kwa dakika chache shemeji na shemeji wakabaki peke yao.

Mzee akatema pamba iliyolowa damu kwenye beseni.

"Umemaliza?" aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito. "Au bado unataka lingine?"

"Nataka kaburi."

"Hakuna kaburi."

"Ulimtupa?"

"Hakufa, shemeji."

Neno hilo, shemeji, halikuwahi kumtoka mdomoni mwake. Alimzoea akimwita kwa majina mengine.

"Mwongo. Uliandika barua. Mama yangu alikufa kwa barua yako."

"Niliandika, ndiyo. Mkono wangu, maneno ya mdogo wako..." akajisahihisha, "maneno ya mke wangu. Alinisomea mwenyewe nikaandika. Unajua kwa nini?"

Daktari akaanza kupanga vyombo mezani.

"Unajua kwa nini!" mzee alirudia, na damu ikamtoka pembeni mwa mdomo. "Alikuwa na mimba ya miezi minne, homa inamtafuna, hana ndugu. Alimwandikia mama yenu barua ya kuomba msamaha. Anaomba tu aruhusiwe arudi ajifungue nyumbani. Jibu likaja. Limetiwa sahihi ya mama. Mstari mmoja. Unaukumbuka?"

Unaukumbuka, Daktari?

Sisi hatukuujua mpaka leo, msomaji. Majuma kumi tumemlilia mwanamke huyu, tumezunguka naye makaburini, tumemfuta machozi. Yeye ameujua mstari ule siku zote. Alimpokea mwenye kuleta barua mlangoni akiwa peke yake. Alisoma barua ya mdogo wake chooni, akaichana. Akakaa mezani, akaiga mwandiko wa mama yake, akaandika maneno manne: *Kwetu wewe umekufa. Usirudi.*

"Hakuamini kwamba ni mama," mzee aliendelea. "Mama yenu hakujua kukunja herufi vile. Alijua ni wewe. Akasema, kama dada anataka nife, basi mwandikie nimekufa, apate raha yake. Nilimkatalia siku mbili. Siku ya tatu nikaandika. Hatukujua kwamba mama angeisoma yeye kwanza."

"Nyamaza."

"Wewe ndiye uliyenichoma sindano isiyo na dawa halafu unaniambia ninyamaze?"

Daktari akashtuka. "Ulijua?"

"Nilijua tangu koleo lilipoligusa jino."

"Kwa nini hukupiga kelele?"

Kabla hajajibu, mlango wa stoo ukafunguka. Mkalimani akaja na pakiti ya pamba, uso umemchangamka.

"Baba! Hukulia hata kidogo! Nimemsikia mama akicheka kule dirishani, mara ya kwanza wiki nzima. Amekubali. Anasema kama wewe umeweza, na yeye atakaa kitini. Nimlete sasa?"

Hapo ndipo Daktari alipoelewa. Dirisha la tatu. Mkono uliopungwa. Mwanamume yule hakujikaza kwa ajili ya kiburi wala kwa ajili ya waumini. Kuna mwanamke anayeogopa sindano kuliko kifo, na mumewe alikuwa anamwonyesha kwamba haiumi.

"Usimlete," mzee alisema.

"Baba, si ndiyo maana ulikaa wewe kwanza?"

"Nimesema asiletwe! Atatibiwa kwingine."

"Kwingine wapi? Hospitali ni mwendo wa siku nzima, na wageni wanaondoka kesho asubuhi!"

Mzee angemwambia nini mwanawe? Lakini ilikuwa bure, kwa sababu mgonjwa alikuwa amekwisha kuingia mwenyewe, kashikwa mkono huku na Kamera, huku na mama mmoja wa kwaya, mtandio umemfunika mpaka chini ya macho.

"Mke wa shujaa wetu!" Kamera alitangaza, simu juu. "Mfuate mumeo, mama, usiogope!"

Wakamkalisha. Kiti bado kilikuwa na joto la mumewe. Mtandio ukateremshwa.

Daktari alikuwa ameshajiandaa kuuona uso wa mdogo wake. Hakuuona. Aliona uvimbe. Taya lote la kushoto lilikuwa limefura, ngozi inang'aa, na uvimbe umeshuka chini ya kidevu, umeingia shingoni. Kichwa kilikuwa kimeinuliwa juu kama mtu anayetafuta hewa juu ya maji. Mate yalimchuruzika, hakuweza kuyameza. Ni macho tu ndiyo yaliyobaki ya yule msichana aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, akimwekea miguu ya baridi mgongoni.

Udaktari ukaamka ndani yake. "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Jino lilianza mwezi uliopita," mkalimani alijibu. "Shingo imevimba tangu jana."

"Anaweza kuachama?"

"Kidole kimoja tu kinapita."

Daktari akamgeukia mzee, akamsemesha haraka, bila kunong'ona. "Sikiliza. Usaha umeshuka. Nisipomtumbua sasa hivi, uvimbe utamziba koo. Hafiki hospitali. Hafiki hata kesho."

Mzee alisimama kati ya kiti na meza ya vyombo. Kifua kilimpanda kikashuka. Mtu mmoja tu ndani ya nchi nzima, siku hiyo, alikuwa na mkono wa kumwokoa mkewe, na mkono wenyewe ulikuwa bado una damu yake.

Daktari akaichukua chupa ya kwanza. Akaigeuza mbele ya macho ya mzee, lebo kwake.

"Soma."

Mzee alisoma. Akaisoma tena. Akairudisha. Kisha akasogea pembeni, hatua moja tu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake kwa jambazi.

"Huyu ana wasiwasi gani?" Kamera alimuuliza mkalimani.

Lakini mkalimani alikuwa amemwinamia mama yake. Mama alikuwa anasema. Alisema kwa lugha ya huku, ili wenyeji wasikie, kupitia meno yasiyofunguka, neno moja moja, akivuta pumzi kati ya kila neno, na macho yake hayakubanduka kwenye miwani ya Daktari.

Daktari hakuelewa hata neno. Wenyeji walielewa. Aliona maneno yakifika dirishani kabla ya kumfikia yeye: mama mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Mwanamume aliyekuwa anacheka akaacha. Kadi za foleni zikaanza kudondoka chini.

"Anasema nini?" Daktari aliuliza.

Mkalimani alikuwa anamtazama baba yake, shavu lililoanza kuvimba, damu kwenye kola ya shati.

"Tafsiri, binti," Kamera alimhimiza. "Tunarekodi."

"Anasema..." binti alianza. "Anasema ameishi na baba miaka ishirini na miwili. Anaujua uso wake ukiwa una ganzi na ukiwa unaungua. Anasema aliuangalia kutoka dirishani. Alicheka ili baba asijue kwamba ameona."

Mzee wa kanisa alifunika uso kwa mikono miwili.

"Anasema..." binti aliendelea. "Mama, sielewi. Anasema anayajua macho hayo hata nyuma ya miwani, mwambie mama yako mkubwa avue barakoa."

Binti alitafsiri neno lile, kisha akalisikia. Aligeuka polepole, akamtazama Daktari kuanzia kofia mpaka viatu, kama anayetafuta mtu aliyejificha ndani yake.

"Mama yangu mkubwa alishakufa," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Kwao wote walikufa."

Kitini, mama yake alikuwa ameanza kuvuta hewa kwa mluzi mwembamba.

"Hatuna muda!" Daktari alifoka. "Mlaze! Nishikie taa!"

Alisogea na sindano. Mkono wa mgonjwa, mwembamba, wa moto kama jiko, ukamdaka kifundo cha mkono ukakikaza. Akasema tena, kifupi.

"Ana sharti," binti alitafsiri, na sasa alikuwa analia wazi wazi. "Anasema hatakubali umguse mpaka umwambie mchungaji wako na hawa watu wote, kwa mdomo wako, ulichomdunga baba. Na ulichoandika. Vyote viwili. Anasema ukikataa atainuka aende nyumbani na uvimbe wake, na safari hii utakuwa umemwua kweli."

"Ulimdunga nini?" Kamera aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika siku sita aliishusha simu.

Kibali chake cha kazi. Jina lake kanisani. Kila mtu aliyewahi kumwita Daktari. Na mbele yake, uso wa mdogo wake ukianza kugeuka rangi midomoni.

"Mwambieni asiseme hivyo," alibembeleza. "Mwambieni nitasema baadaye. Nitasema yote. Nimtibu kwanza. Jamani, mwambieni!"

Binti alimwambia. Mama yake akatikisa kichwa, mara moja tu.

"Shemeji," mzee alisema kutoka nyuma ya viganja vyake. "Mimi nilinyamaza kwa ajili yake. Wewe huwezi kusema?"

Daktari akaiweka sindano kwenye trei. Akavua miwani. Akaivuta barakoa mpaka chini ya kidevu. Dirishani watu walisogea mbele, wakabanana, asikohoe hata mmoja. Wale dada wawili walitazamana uso kwa uso baada ya miaka ishirini na miwili, na kitu fulani kilipita katika macho ya yule aliyekaa kitini, kitu ambacho hakikuwa chuki na hakikuwa msamaha.

"Mimi," Daktari alianza. Akapitisha ulimi kwenye midomo iliyokauka. "Ile sindano ilikuwa na..."

Vidole vilivyomkaba kifundo cha mkono vikalegea. Mluzi ukakatika. Na kabla Daktari hajaimaliza sentensi ya kwanza ya toba yake, mdogo wake akaacha kuvuta pumzi.